Ukiuwaza Mkono, Mkono Unasikia

Mwadila jamani. Wale wa nyuma sogeeni huku mbele viti vipo, hii feni inapiga kelele kunishinda na mimi sauti yenyewe leo haipo.

Tuanze na kitu kidogo. Weka mikono mapajani, usiitikise. Fumba macho. Uko kwenye mtumbwi, umeshatoka mwaloni Kirumba, Mwanza, umeshika kasia. Vuta. Sikia maji yanavyoligomea, sikia bega linakaza, sikia ule mti umelowa unateleza kiganjani. Vuta tena. Mara kumi hivi... Haya fumbueni. Nani kavuta kasia? Hakuna, wote mmekaa tu, ila yule mzee pale nimemwona kidole kinacheza cheza, na sio peke yake hata mimi kinacheza.

Sasa iko hivi. Ubongo una ukanda unaanzia utosini unashuka kuelekea juu ya sikio, huo ndio unaoamrisha misuli, wa kushoto unaamrisha mkono wa kulia na wa kulia unaamrisha wa kushoto, amri inashuka kwenye uti wa mgongo halafu ndio inafika kwenye msuli. Mwaka 1985 kule Sheffield, Uingereza, Anthony Barker na wenzake walionyesha ukiweka koili ya sumaku, yaani waya uliozungushwa unaopitisha umeme, juu ya kichwa ukapiga shoti moja tu, mkono unaruka wenyewe, na hakuna aliyepasuliwa kichwa. Baada ya hapo watu wakaanza kujiuliza, je mtu akiwa anauwaza mkono wake itakuwaje? Wakapiga sumaku ile ile, nguvu ile ile, na msuli ukaruka zaidi kuliko mtu akiwa amekaa hana wazo lolote. Yaani njia imeshapata moto, kama injini ya boti inaunguruma gati haijaachia kamba bado. Na ukiwaza kidole gumba inayochangamka ni njia ya gumba, sio ya mkono mzima.

Lakini hapa ndipo watu wengi wanakosea, nisikilizeni vizuri. Kuna kujiona na kuna kujisikia. Ukijitazama kama unaangalia video ya mtu mwingine anapiga kasia, ile njia haichangamki sana. Inatakiwa uwe ndani ya huo mkono, usikie uzito, ndio maana nilisema sikia sikusema ona.

Kuna mtafiti wa ubongo, Alvaro Pascual-Leone, na wenzake, 1995, walichukua watu wasiojua piano wakawapa zoezi la vidole vitano, saa 2 kila siku kwa siku 5. Kundi moja linapiga kweli, lingine linakaa mbele ya piano linawaza tu. Ile sehemu ya ubongo inayotawala vidole ikapanuka kwa makundi yote mawili! Ila kwa kupiga kwenyewe, waliowaza siku 5 walikuwa wamefika pale wenzao walipofika siku ya 3, halafu walipopewa saa 2 za kupiga kweli wakawakuta. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba kuwaza kunatosha, hakutoshi.

Mimi mwenyewe niliwahi kuanguka na bodaboda nikavunjika kiwiko cha mkono huu, nikafungwa hogo, ile plasta ngumu, wiki sita, na hakuna aliyeniambia kitu zaidi ya usilowanishe. Lilipotolewa sikuweza hata kufungua chupa ya maji, mke wangu ndio ananifungulia, aibu tupu. Baadaye ndio nakuja kusoma, 2014, Marekani huko, watu wazima kabisa wamefungwa plasta mkononi wiki 4 makusudi, wasiowaza chochote nguvu ikashuka asilimia 45, waliokuwa wanawaza kukaza mkono siku 5 kwa wiki ikashuka 24. Karibu nusu ya wenzao! Maana yake ule udhaifu sio msuli umesinyaa peke yake, ni ubongo nao umeacha kuuita. Nilikasirika kweli.

Eeh, mama umenyoosha mkono. Baba yako kapata kiharusi upande wa kulia, mnaanzaje? Mama, muulize yule anayemfanyisha mazoezi hospitali kwanza, halafu msimpe zoezi la kitabuni. Alikuwa anafanya kazi gani? Dagaa, nyavu. Basi mpe nyavu. Mwache ashike kwa mkono mzima kwanza, aisikie, halafu afumbe macho na kuwaza mkono mbovu unavuta, mara chache, dakika chache, kisha ajaribu kuusogeza kweli hata kama ni sentimita. Na mpigie saa kimya kimya, kwa sababu kwa mtu asiyeumwa kuvuta kwa mawazo kunachukua karibu muda ule ule wa kuvuta kweli. Akikwambia kavuta wavu mzima kwa sekunde mbili, mama, hapo mzee hajavuta, kakuhadithia tu.

Haya, na wewe kaka wa kofia.