Jina la Mkwawa: kutoka sifa ya vita hadi jina la ukoo

Kamwene, wazee wangu. Kamwene, vijana.

Mmeniomba nizungumzie jina la Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani: limetoka wapi, lina maana gani, na ni akina nani wanaolibeba leo. Vita sitavirudia. Lugalo mnaijua, tarehe 17 Agosti 1891 mnaijua, na yaliyomkuta Zelewski, kamanda wa Wajerumani, mnayajua. Kinachonikera, na wengine hapa mmenisikia nikikisema zaidi ya mara moja, ni kwamba tunajua huyu mtu alipigana na nani, ila ukituuliza alikuwa anaitwa nani hasa, tunaanza kutazamana.

Mkwawa si jina la ukoo wake. Ukoo ni wa Muyinga. Wazee wanasimulia habari za mwindaji, Mufwimi, aliyekuja kutoka upande wa Usagara akafika Nguluhe kwa Mwamududa, akampenda binti wa Mwamududa, na mtoto aliyezaliwa ndiye Muyinga. Kutoka hapo wote wa mlango ule ni Mwamuyinga. Munyigumba aliyeziunganisha nchi hizi ni Mwamuyinga. Mwanawe tunayemwita Mkwawa ni Mwamuyinga vilevile.

Sasa Mkwawa ni nini? Ni kipande cha jina la sifa. Jina lenyewe ni Mkwavinyika: mwenye kuzitwaa nchi. Sifa kama hiyo hapewi mtu aliyekaa kivulini. Munyigumba alipofariki, mwaka 1879, utawala uligombaniwa. Mpinzani mmoja, Mwamubambe, akajitwalia madaraka, kijana wetu Mkwawa akakimbilia Ugogo, akarudi na watu wake, wakapambana mahali panapoitwa Ilundamatwe. Anayejua Kihehe hahitaji kufasiriwa: ni mahali vilipolundikwa vichwa. Jina la kijiji lipo mpaka leo, watu wanapanda basi kwenda Lundamatwe na hawaulizi vichwa vya nani. Mtwa, yaani mtawala, aliyetoka kwenye vita vile akiwa hai, akaendelea kuwasukuma majirani kila upande, ndiye aliyestahili kuitwa Mkwavinyika. Watu wakafupisha: Mkwava.

Mkwava. Kwa v. Hapo naomba mnivumilie, kwa sababu hapo ndipo ninapogombana na watu kila mara.

Mhehe halisi anasema Mkwava. Nenda Kalenga ukawasikilize wazee. Hiyo w ya mwisho imetoka wapi? Mimi nasema imetoka kwenye kalamu ya Mjerumani. Katika Kijerumani herufi w husomwa kama v yetu. Afisa aliyesikia Mkwava akaandika kwa w alikuwa ameandika sawasawa kwa macho ya kwao. Maafisa wengine waliandika Quawa, nayo pia silabi ya mwisho Mjerumani ataisoma "va". Matatizo yalianza maandishi yale yaliposomwa na watu wasiojua Kijerumani. Mwingereza akaisoma w kama w, karani akainakili, mwalimu akaiandika ubaoni, na sisi tukaipokea. Jicho likalishinda sikio.

Najua kuna atakayeniambia, "Mwalimu, v na w kitu gani? Mtu si ni yuleyule?" Mtu ni yuleyule, ndiyo. Lakini tazameni gharama yake. Mwaka 1919 walipoandika Mkataba wa Versailles, wa kumaliza Vita vya Kwanza vya Dunia, waliweka kifungu cha 246. Kifungu hicho kinaitaka Ujerumani irudishe vitu viwili ndani ya miezi sita: Kurani ya Khalifa Uthman, na fuvu la Sultani wetu Mkwawa, lililokuwa limepelekwa Ujerumani. Fikirini uzito wake! Vita vimeua mamilioni, wakubwa wamekaa mezani Ufaransa kugawana dunia, na jina la Mhehe limeandikwa katika mkataba wenyewe. Tena limeandikwaje? Kwa Kiingereza ni Mkwawa. Kwa Kijerumani, katika kifungu kilekile cha mkataba uleule, ni Makaua. Nchi inayodaiwa ina tahajia yake, inayodai ina yake, na mwenye jina lake hakuulizwa.

Miezi sita ikapita, miaka ikapita. Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, ndiye aliyelifuatilia fuvu hilo, mpaka akafika jumba la makumbusho la Bremen. Huko kulikuwa na mafuvu mengi, mengine yametoka huku kwetu. Je, walisoma jina? Walipima vichwa! Walilinganisha vipimo vya mafuvu na vipimo vya vichwa vya watu wa ukoo wake waliokuwa hai Iringa, wakatazama na tundu la risasi, maana tunajua alijipiga mwenyewe Julai 1898 ili asikamatwe. Hivyo ndivyo lilivyochaguliwa lile fuvu lililorudi Juni 1954 na ambalo mnaliona Kalenga. Mtu aliyetajwa katika mkataba wa dunia nzima ikabidi atafutwe kwa rula. Ndiyo maana sikubali nikiambiwa jina ni jambo dogo.

Nirudi kwenye jina lilivyokuwa la ukoo, kwa sababu hili watu hulidhania lilitokea tu. Halikutokea tu. Sifa za vita nyingi huondoka na mwenyewe. Mirambo wa Wanyamwezi, ambaye jina lake hasa ni Mtyela Kasanda, aliitwa Mirambo kwa maana ya maiti, naye ni mtwaa nchi kama wetu. Tippu Tip dunia nzima inamjua kwa jina la utani, lakini yeye ni Hamed bin Muhammad wa al-Murjebi. Ukoo ulikuwa na jina lake tayari, basi la utani likabaki kwake mwenyewe.

Kwetu ilikuwa hivi. Mkwawa alimzaa Sapi. Sapi alimzaa Adam. Andika jina la mjukuu kwa utaratibu wetu wa majina matatu, lako, la baba na la babu: Adam Sapi Mkwawa. Hapo hakuna jina la ukoo. Ni ngazi tatu za kuzaliwa, kama ya mtu yeyote hapa ndani. Kwa utaratibu huohuo mtoto wa Adam alipaswa kuwa fulani Adam Sapi, na Mkwawa adondoke. Hakudondoka. Familia ikalishikilia jina la babu mkuu, vizazi vilivyofuata vikaendelea nalo, na ngazi ikasimama pale. Hicho ndicho kitendo cha kuzaliwa kwa jina la ukoo, na tunaweza kukionyesha kwa kidole: ni kizazi kilichomfuata Chifu Adam Sapi, aliyetawazwa mwaka 1940.

Tena angalieni wakati wenyewe. Mwaka 1962 Adam Sapi Mkwawa anakuwa Spika wa Bunge. Mwaka 1963 serikali inafuta uchifu. Cheo kikaondoka kwa sheria, jina likabaki, likaendelea kutajwa bungeni kila siku mpaka 1973, na tena kuanzia 1975 hadi 1994. Wapo wanaosema mazungumzo kama haya yanaamsha ukabila. Hapana. Aliyelibeba jina hili alikalia kiti cha Spika wa taifa zima, akawapa nafasi ya kusema wabunge wa kila kabila. Kujua jina la mtu limetoka wapi hakumnyang'anyi jirani yake kitu.

Muda unanibana, niende haraka kwenye kuenea kwake. Ni jina adimu, na sababu mmeshaiona: limeanzia kwa mtu mmoja na nyumba moja. Wenyewe wako zaidi Iringa na Kalenga, na waliokwenda mijini kutafuta kazi. Wajukuu wa ndugu zake hawalibebi. Mpangile, mdogo wake, ambaye Wajerumani walimweka kwenye kiti Desemba 1896 wakamnyonga Februari 1897, ni damu ileile ya Muyinga, lakini huwezi kuwapata watu wa mlango wake kwa kutafuta "Mkwawa". Kinachotudanganya ni shule ya Mkwawa, ambayo tangu 2005 ni chuo kikuu kishiriki cha elimu, na mitaa ya Mkwawa katika miji yetu. Jina limesambaa kuliko watu wake.

Na usimhesabu mtu kuwa ndugu au si ndugu kwa jina la kwenye kitambulisho. Mhehe anaujua undugu kwa mlongo na mlugo, sifa ya ukoo na chakula ambacho ukoo wenu haugusi. Mkifanana hivyo viwili hamuoani, hata kama karatasi zenu zina majina tofauti.

La mwisho, nalo lilistahili saa nzima. Kwetu mwanamume ni Mwa, mwanamke ni Se. Binti wa Mwamududa niliyemtaja mwanzo ni Semududa. Binti wa Muyinga ni Semuyinga. Ofisi zetu hazina nafasi ya hilo. Nilimsindikiza mama mmoja kufuatilia mirathi ya baba yake, akakataliwa kwa kuwa jina lake lilianza kwa Se na la baba kwa Mwa. Akatumwa akaape hati ya kiapo kwamba yeye ni mtoto wa baba yake, kwa sababu tu alikuwa ameandikwa kwa Kihehe sahihi. Kina mama mlioandikwa kwa Se, msikubali libadilishwe. Chukueni hati ya kiapo ikibidi, lakini iandikwe humo kwamba majina yote mawili ni ya ukoo mmoja, na nakala mbaki nayo.

Mwenye swali na aanze.