Kabla hujanunua lenzi ndefu, elewa kwanza tundu lake

Haya wadau, mliosimama mlangoni ingieni, huku mbele viti vipo. Leo tunaongelea lenzi na lile tundu lake la kupitishia mwanga, apecha, sababu machalii wengi wa hapa Arusha ukiwauliza watanunua lenzi gani wanakwambia 70-300, ile ndefu ya kuvuta vitu vya mbali, eti Tarangire kuna tembo. Sawa, tembo wapo, lakini hela ya kula unaipata wapi? Si kwenye send-off na kipaimara, ukumbini, taa za zambarau, na humo hiyo lenzi itakuaibisha.

Angalia lenzi iliyokuja na kamera yako, imeandikwa 18-55mm na pembeni 1:3.5-5.6. Yani ukiwa kwenye 18 tundu linafunguka mpaka 3.5, ukivuta mpaka 55 linaishia 5.6, hata ufanyeje halizidi hapo. Namba ndogo ndo tundu kubwa, hapa ndo watu wanachanganyikiwa, kumbe ni kugawanya tu: lenzi ya 50mm ukiiweka f/2, yani namba ya tundu ni 2, unagawa 50 kwa 2, upana wa tundu milimita 25, ukiiweka f/16 zinabaki milimita 3 na kidogo. Basi, hamna uchawi.

Sasa chukua 50mm ya f/1.8, ile nyepesi ya plastiki mnayoidharau. Ukiilinganisha na 5.6 inaingiza mwanga karibu mara kumi, mnanipata? Bi harusi anaingia anacheza, ile ya 5.6 inakulazimisha shata, yani muda wa kupokea mwanga, iwe 1/20 ya sekunde na mikono yote inatoka ukungu, hii unapiga 1/200 kwa ISO ileile, yani wepesi uleule wa kamera kushika mwanga, na anatoka mkali, halafu waya za spika na makreti ya soda ya nyuma yanapotelea kwenye ukungu. Kasoro yake ni kwamba kwenye kamera za sensa ndogo, ambazo ndo wengi mnazo, inavuta kama 75 au 80 hivi, kwahiyo sebuleni kwa watu utajikuta mgongo umegonga ukuta.

Ila msinipigie kila kitu 1.8 jamani! Picha ya ukoo, mistari mitatu, shangazi mbele mkali mashemeji nyuma hawatambuliki, hapo hata malipo utayasikia kwa mbali. Nenda f/8, tundu likiwa dogo wa mbele na wa nyuma wote wanatoka wakali, ila mwanga unapungua, kwahiyo pandisha ISO au washa flashi. Na mlima, ukiudamkia kule Moshi kabla mawingu hayajaufunika, f/8 au 11 inatosha, ukifika 22 picha inalegea sababu mwanga ukibanwa kwenye tundu dogo sana unatawanyika.

Lenzi ya mtumba imulike na tochi ya simu kwa nyuma, ukiona nyuzinyuzi zimetambaa ndani ya kioo hiyo ni fangasi, rudisha.

Haya, toeni kamera, kidude cha juu kiwe kwenye A, wenye Canon ni Av, hapo wewe unachagua tundu na kamera inachagua shata. Watatu wasimame kupishana hatua mojamoja, fokasi kwa wa mbele, piga namba ndogo kabisa uliyonayo, kisha 8, alafu leteni memori kadi hapa kwenye kompyuta tuzikuze tuone.