Mwonevu Haimbi Peke Yake

Mhadhara kwa wazazi na walimu, Bombo, wilaya ya Luwero

Wazazi, walimu wenzangu, wazee wetu, hamjambo. Mliosimama kule nyuma, sogeeni mbele. Viti hivi havina wenyewe.

Kabla sijasema lolote tuimbe kidogo. Mimi naongoza, ninyi mnaitikia "Ya korongo!" Basi, ni hilo tu. Kijana wa engalabi, ile ngoma ndefu, tupigie, taratibu.

Miguu hiyo ya nani?

[Ukumbi: Ya korongo!]

Shingo hiyo ya nani?

[Ya korongo!]

Na suruali fupi ile?

[Ya korongo! Kicheko.]

Ahsanteni. Mmeitikia vizuri kuliko kwaya yangu. Sasa nawauliza, huyo korongo ni nani? Hamjui. Wala hakuna aliyeniuliza. Nimewapa mdundo na neno moja la kujibu, mkajibu mara tatu, na mara ya tatu mkacheka.

Wimbo huo nimeutunga mwenyewe, na naona aibu kuusema. Miaka michache iliyopita nilikuwa nawaandaa watoto wa P.5 na P.6, darasa la tano na la sita, kwa mashindano ya muziki, ngoma na maigizo. Mada ilikuwa uonevu, kile ambacho kwa Luganda tunakiita kujooga. Mnaijua michezo ya aina hiyo, maana yote ni mmoja. Mwonevu anaingia kifua mbele, mnyonge analia, mwalimu mkuu anatokea, mwonevu anapiga magoti na kuomba msamaha, kisha wote wanaimba kwamba uonevu ni mbaya na majaji wanaandika alama. Nami nilitaka kikombe. Kwa hiyo nikampa mwonevu wangu wimbo mtamu kuliko zote. Mtoto anayeonewa nikampa wimbo wa pole pole, wa kusinzisha hata mama yake mzazi.

Wiki haikwisha. Mchana mmoja, saa ya posho, yaani ugali, na maharage, nasikia kwenye foleni, "Miguu hiyo ya nani?" Nikadhani wanafanya mazoezi. Kufika, nakuta mtoto wa P.3, mwembamba, suruali imeishia juu ya vifundo vya miguu. Ameshika sahani yake ya plastiki kwa mikono miwili, anaitazama kama vile kuna kitu kimeandikwa ndani. Foleni nzima inaitikia. Na waliokuwa wanaitikia kwa ufundi, kwa sauti ya kwanza na ya pili, walikuwa waigizaji wangu, wale wale waliokariri mistari yote ya kukataza uonevu.

Mchezo ule niliufuta. Lakini nilibaki na swali: kwa nini mistari haikuwaingia, na wimbo ukawaingia?

Jibu nililijua tangu utotoni, ila sikutaka kulikumbuka. Familia yangu, kama familia nyingi za Wanubi wa hapa, ilikimbilia Sudan mwaka 1979, Rais Idi Amin alipopinduliwa, maana Wanubi tulihesabiwa kuwa watu wake. Tuliporudi nikaandikishwa shule ambako nilikuwa Mnubi peke yangu darasani. Kulikuwa na msichana mmoja mwenye sauti kali. Yeye alianza, "Baba yako nani?" na wengine wakaitikia, "Amin!" Baba yangu alikuwa fundi cherehani. Wimbo huo niliubeba muhula mzima. Kisha akaletwa mtoto mwingine, mwenye kigugumizi, na yule msichana akanigeuzia mgongo akamtungia wimbo mpya. Unadhani nilifanya nini mimi niliyejua uchungu wake? Niliitikia kwa nguvu kuliko wote. Niliitikia kwa furaha, kwa sababu siku hiyo si mimi niliyeimbiwa.

Sisi huku tunajua jinsi wimbo unavyofanya kazi. Kiongozi anatupa mstari, waitikiaji wanaudaka. Wasipoudaka, kiongozi anabaki na nusu ya wimbo mdomoni, na nusu ya wimbo ni kitu cha aibu sana. Uonevu wa shuleni ni wimbo wa aina hiyo. Watafiti wa Kanada waliwahi kurekodi kwa video viwanja vya shule za Toronto, wakachapisha matokeo yao mwaka 2001. Katika visa 88 kati ya kila 100 watoto wengine walikuwepo wakitazama. Waliingilia katika visa 19 tu kwa 100. Lakini walipoingilia, zaidi ya nusu ya mara hizo, asilimia 57, uonevu ulikoma ndani ya sekunde 10. Hizo ni pumzi tatu. Mimi nilikuwa nimetumia muhula mzima kumfundisha mnyonge ushujaa, na kumbe kazi ilikuwa kwa waitikiaji.

Nitataja jambo moja hapa, na nalitaja kwa heshima kwa sababu najua niko Bombo. Mwaka 1977 mwandishi wetu wa michezo ya nyimbo kwa Luganda, Byron Kawadwa, alipeleka mchezo wake Lagos, Nigeria, kwenye FESTAC, tamasha la sanaa na utamaduni wa Waafrika. Mwaka huo huo watu wa serikali ya Amin walimuua. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba nyimbo za jukwaani ni mchezo wa watoto, wala asimwambie mtoto kwamba kusimama mbele ya mwenye nguvu hakuna gharama. Gharama ipo. Ndiyo maana simfundishi mtoto kusimama peke yake.

Basi, tunafanyaje sasa? Tunatumia "Korongo" ile ile, lakini tunafanyia mazoezi kimya. Kiongozi anaimba, "Miguu hiyo ya nani?" na kwaya inafunga mdomo. Hesabu mbili za ngoma. Kisha nne. Kisha nane. Msidhani ni rahisi. Wiki ya kwanza kuna anayecheka puani, kuna ambaye midomo inamtoka yenyewe. Mvulana mmoja alijiziba mdomo kwa kiganja na bado mguu wake ukawa unapiga mdundo. Kimya kinataka mazoezi kama runyege, ule uchezaji wa Bunyoro na Tooro wenye njuga miguuni, ambapo mguu mmoja ukichelewa kila mtu anausikia. Na aliyecheza kiongozi hutoka jukwaani amelowa jasho. Mmoja aliniambia, "Mwalimu, hesabu nane ni ndefu." Kweli ni ndefu.

Baada ya kimya kinafuata kitendo, na hapo tunamwazima Augusto Boal, Mbrazili aliyeanzisha maigizo ambamo mtazamaji anaweza kusimamisha mchezo akaingia mwenyewe. Kwetu mtoto yeyote anapaza sauti, "Simama!" na ngoma inanyamaza. Anapanda, anachukua nafasi ya mmoja wa waitikiaji, si ya mnyonge, na anaimba ubeti wake. Wavulana kwanza huja na ngumi. Siwakatazi. Ngumi ikirushwa, anayeigiza mwonevu anaruhusiwa kumleta kaka yake wa P.7, na kaka huja kweli, mkubwa kama mlango, na ukumbi wenyewe unaona hesabu imeharibika. Halafu mawazo mengine yanaanza kutoka. Ubeti ulionikaa moyoni aliuleta msichana mdogo ambaye huwa hasemi kitu. Alipita katikati ya kiongozi na mnyonge kama haoni ugomvi wowote, akamwekea mnyonge jerikani mkononi, akaimba, "Twende kisimani, maji yatakwisha." Wakaondoka wawili. Kiongozi akabaki na wimbo wake.

Nafasi tunabadilishana kila wiki. Mtoto anayeonewa kweli shuleni hachezi mnyonge hata siku moja, na mwonevu wa kweli hapewi uongozi. Huyo nampa ngoma, kwa sababu mpiga ngoma hana budi kuwatazama wengine wote ili awafuate.

Sasa sehemu isiyopendeza, na walimu wenzangu mnisamehe. Tulipofika kwenye ubeti wa "nenda kamwambie mwalimu," watoto walicheka. Nikauliza mnacheka nini. Wakasema, "Tukimwambia mwalimu, anatuchapa wote, aliyeonea na aliyeonewa." Sheria ya Watoto ilirekebishwa mwaka 2016 na kiboko kikakatazwa shuleni. Kipo ofisi ngapi hadi leo? Sitaki mnyooshe mikono.

Na msiseme haiwezekani, maana iliwezekana katika wilaya yetu hii hii. Shirika la Raising Voices la Kampala lina mpango wa kubadilisha shule nzima, walimu na wanafunzi pamoja. Ulijaribiwa katika shule za msingi 42 za Luwero, na matokeo yakachapishwa mwaka 2015: baada ya miezi 18, hatari ya mtoto kupigwa na watu wazima wa shule ilikuwa imepungua kwa asilimia 42. Sasa kwenye mchezo wetu kuna mwalimu. Watoto wamemwandikia wimbo, na wimbo huo una kiongozi na waitikiaji kama ule mwingine. Mtausikia mkija. Mimi niliposikia mara ya kwanza nilitoka nje kidogo.

Yaliyobaki ni ya kawaida. Ngoma tunazo mbili, moja ngozi imelegea, tunatafuta fundi. Wasichana wanachelewa kwa sababu ya kuchota maji na kulea wadogo zao, hilo tuzungumze na mama zao baadaye, na baba zao pia. Mazoezi ni Jumamosi baada ya sala ya alasiri, chini ya mwembe. Ukimleta mtoto, usimsubiri nje umekaa juu ya boda. Ingia. Wimbo wa mwalimu una sauti za watu wazima, na hadi sasa waitikiaji hatuna.