Kilichotumika Kimeshajaribiwa

Ndugu zangu, asanteni kwa kufika. Sisi wa Kampala hatuhitaji kufundishwa kununua mitumba, soko la Owino limetulea. Shida ni kwamba tunaangalia bei tu, na faida kubwa zaidi inatupita: kitu kilichotumika kimeshajaribiwa. Shati jipya hujui litakuwaje likifuliwa. La mtumba limeshafuliwa mara nyingi. Ligeuze, vuta mshono wa kwapani, kagua ukosi pale unapokunjwa. Kama halijachakaa hapo, litakufaa.

Rais Museveni alipotangaza mwaka 2023 kuzipiga marufuku nguo hizi, alitetea viwanda vya nyumbani. Nami natamani pamba yetu ishonwe hapahapa. Lakini belo moja likifunguliwa wanakula wengi: mbebaji, mpiga pasi, fundi wa kupunguza suruali. Hao tusiwasahau.

Niruhusuni sasa nikae kidogo kwenye cherehani, maana ndicho kitu cha zamani ninachokipenda kuliko vyote. Ile Singer nyeusi yenye nakshi za dhahabu ina namba upande wa kulia wa kitako. Kwa namba hiyo utajua ilitengenezwa lini na wapi. Nyingi zilitoka Clydebank, Uskoti, kwenye kiwanda kilichofungwa mwaka 1980, na mpaka leo zinashona sare za shule. Siri yake ni skrubu. Kila kipande kinafunguka, kinasafishwa, kinarudishwa. Tena muundo wa Singer 15 uliigwa sana, hata na Butterfly za Kichina, ndiyo maana sindano na bobini zake hazisumbui kupatikana mjini.

Kabla hujatoa pesa, zungusha gurudumu kwa mkono, polepole. Likiwa zito tu, mara nyingi ni mafuta yaliyoganda, yanasafishika. Ukisikia chuma kinagonga chuma, usinunue mpaka fundi aione.

Samani nitazigusa tu. Mvule hukua taratibu na miti mikubwa imeadimika, kwa hiyo meza ya mvule ya zamani yenye mikwaruzo ni mali. Ichungulie chini: kama haina mashimo ya wadudu na miguu haichezi, iliyobaki ni kazi ya randa na msasa.

Karibuni kwa maswali. Na yule mama aliyekuja na cherehani yake, tafadhali iwekwe hapa mezani, tuifungue pamoja.