Waliotoka Arusini, Bandarini na Baharini: Watu Wanaotengeneza Filamu Zetu

Assalamu alaykum, na hamjambo nyote. Wazee wangu mliokaa mbele, kina mama, na nyinyi vijana mliosimama huko nyuma kwa kukosa viti, ahsanteni kwa kuja na joto hili la Mombasa.

Leo sitazungumza sana kuhusu waigizaji. Nataka kuwazungumzia watu ambao majina yao hupanda kwenye skrini wakati watazamaji washaanza kuinuka: mpiga kamera, mtu wa sauti, mtu wa taa, anayesimamia mavazi, anayepanga ratiba, anayetafuta lokesheni. Swali langu kwao ni hili: kabla ya filamu, mlikuwa mkifanya kazi gani?

Nauliza kwa sababu filamu huru haina studio nyuma yake. Hakuna kampuni kubwa iliyoajiri watu kwa mwaka mzima ikawafunza hatua kwa hatua. Mtayarishaji huchanga pesa, huita huyu na yule, na kila mmoja huja na ule ujuzi alioupata kwengine. Nami naamini, na ndilo nililokuja kulisema, kwamba Mombasa hatuna uhaba wa watu wa filamu. Tunao tele. Shida ni kwamba wanaitwa kwa majina mengine, na sisi tunaotafuta kikosi hatuwatambui.

Nianzie mbali kidogo, mji wa Calcutta huko India. Filamu ya Pather Panchali ilitoka mwaka 1955, na mpaka leo hufundishwa katika vyuo vya sinema. Mwongozaji wake, Satyajit Ray, alikuwa mchoraji wa matangazo katika kampuni ya Waingereza iitwayo D.J. Keymer. Ilikuwa ndiyo filamu yake ya kwanza. Mpiga kamera wake, Subrata Mitra, alikuwa kijana wa miaka 21 ambaye hakuwahi kuendesha kamera ya sinema. Alikuwa mpiga picha za kawaida. Lakini Mfaransa Jean Renoir alipokuja Bengal kupiga filamu, kijana huyu alikwenda kutazama kazi, akawa anaandika kwenye daftari lake taa zimewekwa wapi. Bansi Chandragupta, aliyesimamia mandhari, naye alikuwa amefanya kazi kwenye filamu hiyo hiyo ya Renoir.

Walianza kupiga mwaka 1952. Pesa zikaisha, kazi ikasimama, ikaanza tena, ikasimama, mpaka serikali ya jimbo la West Bengal ikaingiza mkono. Muda wote huo Ray hakuacha kazi yake ya ofisini. Na ile kazi ya matangazo ndiyo iliyomsaidia: hakuwa na skripti iliyokamilika kama tunavyoijua sisi, alikuwa na daftari la michoro, tukio baada ya tukio, kila fremu imechorwa kwa mkono. Mtu aliyezoea kumshawishi mteja kwa picha moja kwenye karatasi alijua kumwonyesha mpiga kamera anachotaka.

Na yule kijana wa daftari? Kwenye filamu iliyofuata, Aparajito ya mwaka 1956, walihitaji nyumba ya mji wa Benares yenye ua wa ndani, wakaijenga ndani ya studio. Mwanga wa ua, mnaujua. Hutoka juu, ni mpole, hauachi vivuli vya kukatika. Taa za studio za wakati huo hazikuweza kuutoa. Mitra akatandaza kitambaa cheupe juu ya seti, akaelekeza taa zipige kwenye kitambaa, nuru ikarudi chini imelainika. Leo kila mtu wa taa duniani hufanya hivyo. Nawaomba mfikirie ni nyumba ngapi hapa Mji wa Kale zina ua wa namna ile, na ni watoto wangapi wamekua humo wakiujua mwanga huo bila kufunzwa na mtu.

Kwetu Afrika kuna Ousmane Sembène wa Senegal, ambaye kabla ya kushika kamera alikuwa mchukuzi wa mizigo katika bandari ya Marseille. Alikwenda kusomea sinema Moscow akikaribia miaka 40, na filamu yake ya mwaka 1963, Borom Sarret, inamfuata mtu wa mkokoteni katika mitaa ya Dakar. Sisi wana wa mji wa bandari tusilisahau hilo. Hapa Kenya, Judy Kibinge alitoka katika matangazo ya biashara kabla ya kuongoza filamu, na Mbithi Masya, aliyeongoza Kati Kati mwaka 2016, alitoka katika bendi ya muziki. Pwani nayo haikulala: Mvera, iliyoongozwa na Daudi Anguka, ndiyo iliyochaguliwa na Kenya mwaka 2023 kwenda kuiwakilisha kwenye Oscar.

Sasa turudi hapa hapa.

Kuna kundi moja la wapiga kamera ambalo sidhani miji mingi inalo kwa wingi kama Mombasa. Ni wanawake wanaopiga video za arusi. Usiku wa kupamba, ile sherehe ya arusi ya wanawake peke yao, mwanamume haingii ukumbini, na mara nyingi simu huachwa mlangoni. Anayeingia na kamera ni mwanamke. Kwa hivyo kwa miaka mingi mji huu umekuwa ukifunza wanawake kupiga kamera, kuweka taa na kuhariri, bila ya chuo na bila ya tangazo. Wapo Majengo, wapo Kibokoni, wapo Kisauni, na kazi zao huzipati popote kwa sababu bi arusi yuko bila buibui. Video ile ni amana. Hutolewa kwa mama wa bi arusi na inakaa kabatini.

Matokeo yake ni haya: akija dada huyu kwenye filamu, akaulizwa, "Tuonyeshe kazi zako," hana cha kuonyesha. Mbele yake amekaa kijana ambaye amepiga video tatu za rafiki zake zikawekwa mtandaoni. Kijana anachukuliwa. Dada anaambiwa asaidie chakula. Nimeliona hili likitendeka, na linaniuma, kwa sababu heshima aliyoiweka kwa wateja wake ndiyo iliyogeuzwa kuwa kosa lake.

Dawa yake ni rahisi. Mpe kamera kwa saa moja, mwambie akampige shangazi yake akipika mahamri jikoni. Kisha itazameni picha hiyo mkiwa mmezima sauti. Mtaona mara moja kama anajua kusubiri uso. Mtu aliyepiga arusi amezoea kwamba machozi ya mama hayarudiwi. Anajua mama atalia lini, amejiweka pahali pake mapema, na mkono wake hautetemeki.

Kuna ambayo itabidi ayaache, na ni haki kuyasema. Kamera ya arusi haizimwi, inafuata kila kitu, inavuta karibu na kurudi nyuma bila sababu. Sauti haitiliwi maanani, kwa maana mwisho wa yote itawekwa kasida au taarab juu yake. Kwenye filamu, kila shoti lazima ijue itakatwa wapi na itaungana na ipi. Mfunze hayo wiki mbili tatu. Lakini ule utulivu mbele ya mtu anayelia, mwenye kuufundisha kwa wiki mbili simjui.

Nije kwenye ratiba na pesa. Filamu nyingi huru hufia hapa. Humu ukumbini naona watu wa clearing, mawakala wa forodha. Nyinyi ni mameneja wa utayarishaji mliozaliwa tayari. Mwenye kuujua uchungu wa kontena kulala bandarini na gharama kupanda kila siku kwa sababu karatasi moja haina muhuri, huyo hatasahau leseni ya kupiga filamu kutoka Bodi ya Uainishaji wa Filamu. Hatafika Fort Jesus asubuhi na waigizaji 12 ndipo akumbuke kwamba ngome ile iko chini ya Makavazi ya Kitaifa na ruhusa yake huombwa mapema. Hatarusha droni kuelekea bandari ya Kilindini. Pia atakumbuka kwamba gari la vifaa likivuka Likoni saa ya watu kutoka kazini, jua litatua likiwa bado kwenye foleni ya feri. Na jua letu halibembelezi. Tuko karibu na ikweta, magharibi ikiingia giza linafuata mara moja.

Bahari nayo ina wataalamu wake, na hapa niruhusuni nikae kidogo.

Chukueni tukio dogo: wapenzi wawili wamekaa ufuoni Nyali, wanazungumza. Kwa kawaida unampiga mwanamke kwanza, kamera ikimtazama yeye, saa mbili zinapita. Kisha unageuza kamera umpige mwanamume. Kwenye filamu, mazungumzo hayo ni ya dakika mbili. Lakini maji yamekuwa yakipanda. Nyuma ya mwanamke kuna mchanga mpana, nyuma ya mwanamume maji yanagusa minazi. Wakati wa bamvua, hapa kwetu tofauti ya maji kujaa na kupwa hupita mita 3. Mhariri hawezi kuificha.

Mvuvi angewaambia hili kabla hamjatoka nyumbani. Angewaambia mpige wakati wa maji mafu, bahari isipokwenda mbali wala kuja karibu sana. Angewaambia pia kwamba kila siku maji huchelewa kwa dakika 50 hivi, kwa hivyo mkirudi kesho saa ile ile hamtayakuta pale mlipoyaacha. Na kama jambo limeharibika na lazima mrudie, angehesabu mwezi akawapa siku: subirini siku 14 au 15, njooni saa ile ile, maji yatakuwa karibu na pale pale. Hiyo ni kazi ya msaidizi wa mwongozaji, na mwenye elimu yake yuko kwenye ngalawa. Mwekeni kwenye kikosi, mlipeni, na jina lake liandikwe kwenye filamu.

Mavazi nitayapitia haraka. Fundi cherehani anajua kwamba gauni litakalorowa au kuchafuka damu lazima lishonwe mara mbili. Na leso, alhamdulillahi, huuzwa jozi pale Biashara Street, kwa hivyo ya pili unayo tayari, mradi asipewe mtu akajitanda nayo kabla filamu haijaisha.

Sauti ndiyo inayotuaibisha. Watu wetu wa sauti wengi wametoka kwenye vipaza sauti vya arusi na mikutano, wengine kwenye vituo vya redio kama Pwani FM au Baraka FM. Waliotoka kwenye vipaza sauti wanajua nyaya na umeme, jambo kubwa, lakini kazi yao ilikuwa kuikuza sauti iwafikie watu 500. Filamu inataka kinyume chake: kuiwinda sauti ya mtu mmoja anayenong'ona, katika mji wenye kunguru, tuktuk na feni kila chumba. Wa redio huwa wepesi zaidi, kwa sababu sikio lao limeshazoea kumsikia mtu akimeza mate. Kuna hila moja ya kazi: ukizima friji ya mwenye nyumba ili isingurume, tia funguo za gari lako ndani yake. Hutaweza kuondoka bila kuiwasha, na samaki wa mwenyeji wako hawataoza.

Adhana je? Nimesikia watu wakiilalamikia, na siwaelewi. Nyakati za swala zinajulikana, hazikushtui. Mwenye kupanga ratiba na azipange siku zake kwa nyakati hizo: mtu aswali, anywe maji, kazi iendelee. Kijana aliyelelewa msikitini atakuambia saa na dakika bila kutazama simu.

Sasa malipo, kwa sababu heshima bila malipo haijazi kikapu. Watu hawa wana kazi zao. Ukimtoa wakala ofisini siku 10, au mvuvi baharini siku 3, umemtoa kwenye riziki yake. Usimwambie atapata jina. Mlipe angalau kile ambacho angekipata kwenye kazi yake siku hiyo, muandikiane karatasi, na kama sehemu italipwa baadaye, karatasi iseme ni lini na kutoka wapi. Anayekuja kutoka nje na wakuu wake wote wa idara, kisha akaajiri watu wa Mombasa kubeba mabegi tu, huyo hakuja kufanya filamu ya Mombasa.

Nimepewa muda wa swali moja. Ndiyo, dada yangu pale karibu na dirisha. Anasema yeye anapaka hina, anauliza kama hiyo ni kazi ya filamu.

Ni kazi ya filamu, tena ngumu. Filamu haipigwi kwa mpangilio wa hadithi. Leo mnapiga siku ya tatu baada ya arusi, wiki ijayo mnapiga usiku wenyewe wa arusi, na wiki inayofuata mnarudi kwenye ile siku ya tatu. Hina ya mwigizaji imeshafifia, au imeshaondoka kabisa. Anatakiwa mtu wa kulirudia ua lile lile, jani kwa jani, kwenye kidole kile kile, na rangi ikae kama ya siku ya tatu, isiwe ya siku ya kwanza. Kwa hivyo anza leo: kila mkono unaoupaka, ukikubaliwa na mwenyewe, upige picha ule mkono peke yake bila uso, siku ya kwanza, ya tatu, ya saba na ya kumi, uandike na aina ya hina. Ukiwa na mikono 10 ya namna hiyo kwenye daftari, una kitu cha kumwonyesha mtayarishaji yeyote. Na kabla hujaondoka, tafadhali niachie nambari yako. Nina filamu yenye bi arusi.