Mtandao Ukikata, Nani Anajua Kiti Kimeuzwa?

Mhadhara kwa vijana wanaoandika programu, Mwanga, Kigoma

Shikamooni wakubwa zangu mliofika, na ninyi vijana hamjambo. Nashukuru kuona ukumbi umejaa.

Nianze na abiria wawili. Wa kwanza ni mama aliyekata tiketi hapahapa Mwanga, basi la Tabora, kiti namba 14. Wa pili ni kijana aliyekata tiketi Uvinza, basi hilohilo, siku hiyohiyo, kiti namba 14. Basi lilipofika Uvinza kijana akapanda, akamkuta mama amekaa, mtoto kampakata, ndoo ya mawese ameibana kwa miguu. Tiketi zote mbili halali, zote zimetoka kwenye mfumo mmoja. Konda akampigia mwenye basi, mwenye basi akanipigia mimi, kwa sababu mfumo ule niliuandika mimi. Kijana yule alisimama mpaka Kaliua. Wanaoijua njia ile wanajua maana yake.

Leo nazungumzia namna seva na simu zinavyopashana habari papo hapo kwa Socket.IO, na kila nitakachosema kimetoka kwenye kiti kile.

Wavuti ya kawaida huenda kwa swali na jibu. Kivinjari kinauliza, seva, yaani kompyuta ya kati inayotunza habari, inajibu, basi, wameachana. Seva haiwezi kuanza yenyewe kusema, "Jamani, kuna jambo jipya." Ni kama unataka kujua kama mitumbwi ya dagaa imerudi, ukamtuma mtoto Kibirizi. Anakwenda, anarudi: bado. Unamtuma tena: bado. Programu inayouliza seva kila baada ya sekunde tatu inafanya hivyohivyo, na kila safari inakula bando, maana ombi moja la HTTP, lugha ya wavuti ya kuulizana na kujibizana, huweza kubeba mamia ya baiti za maelezo yanayotangulia ujumbe hata kama jibu lenyewe ni neno moja. Baadaye watu wakapata njia nyingine: mtoto aende akae palepale mwaloni, asirudi mpaka mtumbwi wa kwanza ufike, akishaleta habari, anatumwa tena hapohapo. Njia hiyo ya kuuliza na kusubiri imebeba mifumo mingi, na msiidharau, tutarudi kwake.

Desemba 2011 kikatoka kiwango kinachoitwa RFC 6455, yaani WebSocket. Kinavyofanya kazi ni hivi. Kivinjari kinabisha hodi kwa ombi la kawaida la HTTP, ila ndani yake kimeandika: naomba tubadili lugha. Seva ikikubali inajibu kwa namba 101. Kuanzia hapo njia ileile ya TCP, yaani muunganisho unaobeba data kati yao, haikatwi, na yeyote kati ya wawili anaweza kusema wakati wowote. Ujumbe mfupi, usiozidi baiti 125, unaongezewa baiti 2 tu ukitoka kwa seva, na baiti 6 ukitoka kwa mteja, yaani kivinjari au simu. Linganisheni na yale mamia. Kwa wakala wa tiketi anayenunua bando la siku, tofauti hiyo anaiona mfukoni.

Mbona basi tunahitaji maktaba, yaani kodi iliyokwisha kuandikwa na wengine, wakati kivinjari tayari kinaijua WebSocket? Kwa sababu WebSocket tupu ikikatika, imekatika. Haijiungi upya yenyewe. Haina vyumba, haina majina ya matukio, inakupa bomba tu. Mimi natumia Socket.IO, ambayo Guillermo Rauch wa Argentina aliianzisha mwaka 2010, kabla hata ya kiwango kile kukamilika. Upande mmoja unatamka tukio kwa emit, upande wa pili unalisikiliza kwa on. Kila safari ya basi nimeifanya chumba. Wakala akifungua safari ya Tabora ya kesho, seva inamwingiza kwenye chumba hicho, na tiketi ikiuzwa wanasikia waliomo tu. Wakala wa Kasulu anayeuza basi la Mwanza hapati kelele zisizomhusu.

Jambo moja linawakwaza wengi, nalisema haraka: Socket.IO si WebSocket. Inapanda juu yake. Huwezi kuchukua mteja wa WebSocket tupu ukamuunganisha na seva ya Socket.IO, hawataelewana. Kwa kawaida maktaba hii huanza na ile njia ya mtoto aliyekaa mwaloni, kisha ikiona njia ya WebSocket inapitika ndipo inapanda. Ndiyo maana mtu aliyeko nyuma ya mtandao wa ofisi unaozuia WebSocket bado anapata huduma. Na ndiyo maana pia ukiwa na seva zaidi ya moja lazima uhakikishe maombi ya mteja mmoja yanarudi kwenye seva ileile. Hilo lina siku yake.

Sasa naomba msaada. Dada yangu wa mstari wa mbele, shika simu yangu hii. Imefungua ukurasa wa wakala. Kule ukutani mnaona upande wa seva: imeandika wateja waliounganishwa, wawili, mimi na dada. Dada, zima data. Umezima? Tazameni ukutani.

Bado wawili.

Tuhesabu pamoja. Kumi. Ishirini. Seva bado inaamini dada yupo. Thelathini. Thelathini na nane, na sasa imeandika mmoja.

Hapa ndipo palinifunza kazi. Simu ikipotea mtandaoni ghafla, haiagi. TCP haiwezi kujua mara moja kwamba mtu wa upande wa pili ameingia bondeni nyuma ya kilima. Kwa hiyo Socket.IO inapima mapigo: kwa mipangilio yake ya kawaida, seva inatuma salamu kila sekunde 25, kisha inasubiri jibu kwa sekunde 20. Ukikatika mara tu baada ya kujibu salamu, zitapita sekunde 45 kabla ya seva kujua. Katika sekunde hizo seva inaendelea kukutumia matukio, na yote yanamwagika njiani.

Siku ile, wakala wa Uvinza alikuwa amepotea mtandaoni kama dakika mbili. Ndani ya dakika hizo mama akakata kiti 14 Mwanga. Seva ikatangaza chumbani: kiti 14 kimeuzwa. Uvinza hakusikia. Mtandao uliporudi maktaba ikajiunga upya vizuri kabisa, taa ya kijani ikawaka, na kiti 14 kwenye skrini yake kikaonekana kiko wazi. Akakiuza. Nami kwenye seva nilikuwa nimeiamini skrini ya wakala, sikuhakiki.

Socket.IO inaahidi mpangilio: matukio yakifika, yatafika kwa zamu yake. Haiahidi kufika. Kwa kawaida tukio hufika mara moja au lisifike kabisa. Tena pande mbili haziko sawa. Mteja akibonyeza kitu wakati mtandao haupo, maktaba inakiweka akiba na kukituma akirudi. Seva haimwekei akiba mteja aliyepotea. Mimi nilidhani kuungana upya maana yake ni kuendelea pale ulipoachia. Sivyo. Unarudi kama mgeni, hata namba yako ya utambulisho inakuwa mpya.

Nilitengeneza hivi. Kwanza hifadhidata: safari na kiti kwa pamoja viwe vya kipekee, kiasi kwamba rekodi ya pili ya kiti 14 inakataliwa hata kama programu yangu imekosea. Hilo peke yake lingemwokoa kijana yule, na ilikuwa kazi ya mstari mmoja. Inaniuma mpaka leo.

Pili, kila tukio lina namba ya mfululizo ndani ya safari yake, na linaandikwa kwenye hifadhidata kabla halijatangazwa. Skrini ya wakala inakumbuka namba ya mwisho iliyoisikia. Ikijiunga upya inasema: mara ya mwisho nilisikia namba 31. Seva inampa 32, 33, 34, kisha ndipo inamwingiza katika matangazo ya sasa. Namba hiyo tunaipitisha kwenye auth, yaani taarifa ambazo mteja huipa seva wakati wa kuunganisha, na naomba mwandike hili: auth iwe funksheni. Ukiiandika kama thamani ya kawaida, itabeba namba ileile uliyoanza nayo asubuhi kila inapojiunga upya. Nilipoteza jioni nzima hapo.

Tatu, uthibitisho. Reli yetu hii inayoishia Kigoma ni ya njia moja. Treni haiingizwi kwenye kipande cha reli kwa kudhani kiko wazi. Mpaka upande wa mbele uwe umekubali. Kuuza kiti nako kuwe hivyo. Wakala akibonyeza, kiti kinakuwa cha njano, si chekundu. Seva ikijibu "nimekiandika", ndipo kinakuwa chekundu na tiketi inachapwa. Jibu lisipokuja ndani ya sekunde tano, skrini inamwambia wakala haijulikani, jaribu tena. Na kwa kuwa inawezekana seva iliandika ila jibu ndilo lililopotea njiani, kila mbonyezo una alama yake ya pekee. Seva ikiona alama ileile mara ya pili inarudisha jibu la kwanza, haiuzi upya.

Ndiyo, kaka kule nyuma. Anauliza: toleo jipya si linarudisha matukio lenyewe? Kweli, toleo la 4.6 la mwaka 2023 lilileta uwezo wa kurejesha hali ya muunganisho. Ukiuwasha, seva inakaa na matukio kwa muda mfupi, na mteja akiwahi kurudi anapewa. Mimi nimeuwasha, unasaidia kwa mikato midogo. Lakini kwa mpangilio wa kawaida kumbukumbu hiyo inakaa ndani ya seva; seva ikizimwa na kuwashwa, imepotea. Hapa umeme unapokatika, mtandao wa wakala na seva ya ofisini vinaweza kulala pamoja. Usiweke tiketi ya mtu juu ya kumbukumbu ya namna hiyo.

Na dada aliyeinua kalamu. Anataka kutengeneza ukurasa wa bei za migebuka na dagaa, watu wasome tu. Dada, wewe huhitaji Socket.IO. Habari inakwenda upande mmoja. Vivinjari vina EventSource, seva inasukuma na mteja anasikiliza, kinajiunga upya chenyewe, na kila ujumbe ukiupa namba, kikirudi kinaitaja namba ya mwisho iliyofika. Lile nililojifunza kwa kiti 14 wameliweka ndani tangu mwanzo. Na kama bei inabadilika mara mbili kwa siku, uliza tu kila nusu saa. Hakuna aibu.

Tumalizie na simu. Dada wa mbele, data bado imezimwa? Sawa. Mimi hapa nauza kiti 9, nauza 17, nauza 22. Ukutani mnaona namba za matukio: 32, 33, 34. Kwenye simu yako viti hivyo vina rangi gani? Kijani, vyote vitatu. Sasa bonyeza 17, jaribu kumuuzia mtu. Kimekuwa cha njano, kinasubiri. Washa data.

Soma kwa sauti ulichokiona, wa nyuma wasikie.

"Tisa, kumi na saba na ishirini na mbili vimekuwa vyekundu. Imeandika: kiti 17 kimeshauzwa Mwanga, chagua kingine."