Nyigu wa Nani? Mazungumzo kuhusu kiota kwenye nyumba ya kupanga Ujerumani

Habari za mchana. Hili boksi la viatu mnaloliona mezani lisiwatishe. Ndani mna kiota cha nyigu, kitupu, wenyewe walikufa tangu Novemba. Baadaye nitawapitishia mkishike.

Nimeombwa nizungumzie nyigu kwa sababu ya kazi yangu. Huu ni mwaka wa kumi na moja natunza majengo ya kupangisha hapa Hannover. Nabadilisha balbu, nakwangua theluji mlangoni, na kila kiangazi, kuanzia mwisho wa Julai, simu hailali. Wenyeji wanapiga, na sisi wageni tunapiga. Tofauti ni kwamba mwenyeji hupiga kuuliza amwite nani. Sisi hupiga tukishajaribu wenyewe.

Simcheki mtu, maana wa kwanza kujaribu ni mimi. Kiangazi changu cha pili hapa, kabla sijaanza kazi hii, niliwaona nyigu wakiingia na kutoka kwenye upenyo mdogo juu ya dirisha la chumba cha kulala, pale kwenye kile kisanduku cha Rollladen, yaani pazia gumu la nje linaloviringishwa juu ya dirisha. Nikanunua kopo la povu la kuzibia nyufa. Nikangoja giza, nikapanda kiti, nikaziba. Nikalala nikijiona fundi. Siku ya pili nikasikia ukutani sauti kama mtu anafinyanga gazeti taratibu. Alfajiri ya siku ya nne niliamka chumba kimejaa nyigu. Walikuwa wametafuna jipsamu na karatasi ya ukutani wakatokea upande wa ndani, juu ya kitanda. Tulitoka mbio, tukasukuma taulo chini ya mlango, familia nzima ikalala sebuleni siku tano. Kisha ikaja barua ya mwenye nyumba ikiuliza swali moja tu: nani aliziba lile tundu? Nyuma ya barua kulikuwa na ankara.

Mdudu anayejenga kwa kutafuna mbao hazuiliwi na povu. Ukimfungia mlango anatafuta mlango mwingine, na mara nyingi huo unaelekea kwako. Kama kuna jambo moja la kuondoka nalo hapa leo, liwe hilo: usizibe tundu lenye nyigu hai.

Lakini kilichoniuma zaidi ni ile barua. Mimi nilikuwa nawaza nitawauaje. Sikuwaza hata dakika moja kwamba wale nyigu wana mwenyewe. Wengi wetu tumekulia mahali ambapo kiota kikiwa kwenye paa lako ni chako, unachukua mwenge na mafuta ya taa usiku, kesho yake kimekwisha. Hapa ukuta ni wa mwenye nyumba, roshani inapakana na ya jirani, na mdudu mwenyewe yuko chini ya sheria. Mwenge ndio hata tusiuzungumzie. Karibu kila kiangazi gazeti fulani la hapa huandika habari za mtu aliyechoma kiota akaunguza na banda.

Tuanze na sheria. Sheria ya shirikisho ya kulinda mazingira asilia, kifungu cha 39, inakataza kumkamata, kumjeruhi au kumuua mnyama wa porini bila sababu ya msingi. Nyigu anahesabiwa humo. Kuwaogopa au kuwachukia si sababu ya msingi. Mtu mwenye mzio mkali ndani ya nyumba, au kiota mlangoni pa shule ya chekechea, hiyo inaweza kuwa sababu. Na kuna wale wakubwa, ambao Kiswahili chetu kinawaita mavu na Kijerumani Hornisse. Hao wamewekewa ulinzi maalumu tangu mwaka 1987. Kiota chao hukiui wala hukihamishi bila kibali cha idara ya mazingira ya mji au wilaya, ile inayoitwa Untere Naturschutzbehörde. Faini inaweza kufika yuro 50,000. Naona mnatazamana. Ndiyo, elfu hamsini. Mimi sijaona mpangaji akitozwa kiasi hicho, lakini sitaki wa kwanza awe mmoja wetu.

Mtaniuliza: mbona dawa ya kupuliza inauzwa dukani, imepangwa karibu na mbegu za maua? Ndiyo, inauzwa. Kuuziwa kopo si kupewa ruhusa. Nadhani duka linalouza kopo hilo lingebandika kifungu cha 39 hapo hapo kwenye rafu, ila sijaombwa ushauri.

Sasa nyigu wenyewe. Hapa ndipo ningependa tukae kidogo, maana ukishawajua, nusu ya simu ninazopigiwa hazina haja.

Nchi hii ina aina nyingi za nyigu, na wanaokuja mezani kwako kutafuta keki na soda ni aina mbili tu. Wanasayansi wanawaita Vespula germanica na Vespula vulgaris. Hawa wanapenda giza: shimo la panya lililoachwa, uwazi wa ukutani, darini, kisanduku cha Rollladen. Kundi lao hufika maelfu kadhaa. Wengine wote hawana habari na chakula chako. Kuna nyigu anayening'iniza kiota cha kijivu, cha mviringo kama mpira, kwenye boriti ya banda la baiskeli au chini ya paa. Watu wakikiona hicho hupiga kelele. Kumbe wamo mia chache tu, na mwisho wa Agosti mara nyingi wamekwisha kufa. Kwa hiyo kiota kinachoonekana wazi kwa kawaida ndicho kisichosumbua, na wanaokusumbua mezani hata kiota chao hukijui kilipo.

Kuna pia mwembamba mwenye miguu mirefu inayoning'inia akiruka. Kiota chake ni kipande kidogo cha vyumba vyenye pembe sita, hakina ganda. Huyo mwache. Na mavu, mkubwa, mwenye wekundu wa kahawia na njano, anatisha kwa mlio. Wajerumani wana msemo wa zamani kwamba mavu watatu wanaua mtu na saba wanaua farasi. Si kweli. Sumu yake haishindi ya nyuki kwa ukali. Yeye huwinda nzi, na huwinda hata hao nyigu wa mezani. Kero yake ni kwamba huruka usiku na hufuata taa, kwa hiyo anakuja kugonga dirisha la jikoni saa nne za usiku. Zima taa, au weka wavu dirishani.

Halafu kuna kalenda. Majira ya kuchipua, Aprili au Mei, malkia anaamka peke yake. Anajenga kiota kidogo kama limau, anataga, analisha mabuu mwenyewe. Wafanyakazi wa kwanza wakishatoka, kundi linakua hadi Agosti. Mabuu wanalishwa nyama: nzi, mbu, viwavi. Nao mabuu huwarudishia wakubwa wao majimaji yenye sukari, kama malipo. Kiangazi kikielekea mwisho, mabuu wanapungua na malipo yanakatika. Sasa una maelfu ya vibarua wasio na kazi, wenye njaa ya sukari. Ndio hao wanaoanguka kwenye glasi yako ya juisi. Baridi ikishika, kundi zima linakufa. Wanaobaki ni malkia wachanga tu, wamejificha kwenye magogo na nyufa hadi mwaka unaofuata.

Kwa hiyo mtu akinipigia tarehe 25 Agosti, jambo la kwanza ninalomwambia ni kwamba bado wiki chache. Wengi hawapendi jibu hilo. Ila ukipima wiki hizo na gharama, kibali, na hatari ya kuchokoza maelfu ya nyigu, mara nyingi kusubiri ndiko kunakoshinda.

Kusubiri nako kuna namna yake. Kaa mbali na kiota, mita tatu au nne, na usisimame kwenye njia yao ya kuruka. Usiwapulizie kwa mdomo, maana hewa tunayotoa huwaamsha. Usimponde nyigu karibu na kiota: sumu yake ina harufu inayowaita wenzake waje kupigana. Mashine ya kukata nyasi ipitishe mbali na tundu, mtikisiko huwakera. Dirisha liwekee wavu. Ule wa kubandika unatosha, na ukihama unaubandua. Juisi ya watoto iwe kwenye chombo chenye mfuniko na mrija. Mkila nje, weka zabibu zilizoiva kupita kiasi mita kumi kutoka mezani, wengi watakwenda huko. Au chukua chupa ya kunyunyizia maji inayotoa matone laini, nyunyiza. Wanadhani mvua imeanza, wanarudi kwao. Hiyo ya maji watoto wangu wanaipenda kupita zote, na naona nyigu wanapata shida zaidi kwa watoto wangu kuliko watoto kwa nyigu.

Kama hakuna namna ya kusubiri, usianze na mpuliza dawa. Anza na mwenye nyumba. Mwandikie siku hiyohiyo, weka picha, sema kiota kiko wapi na kwa nini ni hatari, kama kuna mtoto mchanga au mwenye mzio. Ukimwita fundi wewe mwenyewe bila kumwambia, jiandae kubishana juu ya ankara. Zimamoto haji kwa sababu ya nyigu wa kawaida. Anakuja pakiwa na hatari ya papo hapo. Idara ya mazingira inaweza kukuelekeza kwa washauri wa nyigu na mavu, na wengi wao ni watu wa kujitolea. Matawi ya NABU, chama cha uhifadhi kilichoanzishwa mwaka 1899, nayo husaidia kwa ushauri. Wakati mwingine kiota huhamishwa kizima, na hupelekwa angalau kilomita nne, la sivyo wafanyakazi wanarudi walikotoka.

Na jihadharini na wale mnaowakuta wa kwanza kwenye simu mkitafuta kwa haraka Jumapili jioni. Mpangaji mmoja kwenye jengo langu alikubaliana bei kwa mdomo; kazi ilipokwisha, dakika ishirini, aliandikiwa mara nne ya ile bei na akabanwa alipe pale pale kwa kadi. Ofisi za kutetea walaji, Verbraucherzentrale, zimekuwa zikionya juu ya mchezo huu. Bei iandikwe kabla ngazi haijasimamishwa.

Kuhusu kuumwa nitasema kwa kifupi, lakini hapa simo kwenye utani. Nyigu haachi mwiba kama nyuki, kwa hiyo mmoja anaweza kukudunga mara nyingi. Akikudunga mkononi, vua pete kwanza, kisha weka kitu cha baridi. Akikudunga mdomoni au kooni, nyonya barafu na piga 112 bila kungoja uone itakuwaje. Hivyo hivyo kama mwili unatoka vipele mbali na palipodungwa, pumzi inabana, kizunguzungu au kutapika. Namba hiyo ni bure, na huhitaji Kijerumani kizuri: taja mtaa, namba ya nyumba, sema Wespe, yaani nyigu, sema Allergie, yaani mzio. Aliyewahi kupatwa na hali hiyo aende kwa daktari wa mzio. Kuna sindano ya adrenalini ya kutembea nayo, na kuna tiba ya kuzoesha mwili sumu, huchukua miaka mitatu hadi mitano na inafanya kazi vizuri sana.

Ndiyo, dada kule nyuma. Anauliza kuhusu kuunguza unga wa kahawa. Wengine huapa kwamba moshi wake unawafukuza mezani. Mimi nimejaribu, na waliofukuzwa walikuwa wageni wangu.

Na mzee anauliza kama mwakani watarudi kwenye kiota kilekile. Hawarudi. Kiota cha zamani hakitumiki tena. Ila mahali palipompendeza malkia mmoja panaweza kumpendeza mwingine, kwa hiyo wakati wa baridi, kikiwa kitupu kabisa, omba ruhusa ya mwenye nyumba, kitoe, kisha ndipo uzibe upenyo. Povu langu lilikuwa sahihi. Mwezi ndio haukuwa wake.

Hiki hapa nilikitoa Januari, kwenye banda la baiskeli. Mkipitishe, lakini msikibonyeze, ni karatasi tupu. Mfaransa Réaumur alitazama viota kama hivi mwaka 1719, akasema basi hata watu wanaweza kutengeneza karatasi kwa mbao badala ya matambara. Tazameni ganda lake, mistari mistari. Kila mstari ni safari za mbaoni, na kila mbao ina rangi yake. Huu wa kijivu sijui walikwangua wapi. Huu wa kahawia naufahamu: ni kiti changu cha roshani, bado kina alama.